Falsafa Njoro na Swali la Ardhi

Makao ya falsafa ya chuo kikuu katika eneo la Nakuru ni Egerton, Njoro, mahali palipoanzishwa kwa ajili ya jembe. Mwaka 1939 Lord Maurice Egerton alitoa ekari 740 ijengwe shule ya kuwafunza vijana wa walowezi wa Kizungu kilimo. Diploma zilianza 1950, na Waafrika wakapokelewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sheria ya 1987 ilikifanya chuo hicho kuwa chuo kikuu kamili. Falsafa ikapata nafasi katika idara moja na historia na dini.

Wakati huo ubishi mkubwa wa wanafalsafa wa Kenya ulikuwa umepamba moto Nairobi. Henry Odera Oruka, aliyefundisha huko tangu 1970, alipinga madai mawili: kwamba Mwafrika hana falsafa, na kwamba falsafa yake ni fikra za kabila zima zisizo na mwenyewe. Aliwahoji wazee mmoja mmoja, akiwemo Paul Mbuya Akoko, akitenganisha anayeijua mila na anayeipima kwa hoja zake mwenyewe. Matokeo aliyachapisha 1990 katika Sage Philosophy.

Katika Bonde la Ufa kipimo hicho kina ugumu wake. Kokwet, baraza la ujirani la Wakalenjin, huzungumza hadi wazee waafikiane, na neno la mwisho huwa la wote. Aliyewaza tofauti humezwa na mapatano, hata kama hoja yake ndiyo iliyoyazaa. Anayemtafuta mwanafalsafa hapo hana budi kusikiliza ubishi wenyewe; akingoja uamuzi, amechelewa.

Hoja ya Oruka inayoigusa Nakuru zaidi ni ile ya 1993 kuhusu maadili ya dunia kama mzazi. Alitoa mfano wa watoto sita wa familia moja, wengine matajiri, wengine mafukara. Kila mmoja ana haki ya alichokipata kwa bahati na juhudi zake, lakini asili yao moja huwafanya wawe na deni kwa wenzao, na deni hilo hutangulia haki hiyo. Huko Nakuru, Molo na Njoro zilikuwa zimetoka kushuhudia mapigano ya 1992, ambamo ardhi ilikuwa kiini cha ugomvi. Damu ilimwagika tena baada ya uchaguzi wa 2007.

Mwaka 2001 serikali ilimega sehemu kubwa ya msitu wa Mau Mashariki iwe mashamba. Huko ndiko unakoanzia mto Njoro, unaoteremka hadi Ziwa Nakuru. Kwa kanuni ya Oruka, mwenye hati ya shamba karibu na chemchemi ana haki ya kweli, ila haki hiyo hufika kikomo pale inapowakausha walio chini yake.