Shangazi hakusema uongo

Leo naomba tuzungumze historia kidogo, ila nianzie nyumbani.

Mwaka 2021, chanjo ya Uviko-19 ilipoanza kutolewa Tanzania, nilimpigia simu shangazi yangu nikamwambia akachanje. Shangazi anaishi na VVU tangu miaka ya tisini na anameza ARV kila siku bila kukosa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, sisi tuliambiwa zamani kuwa chanjo inamwamsha mdudu. Niache nilivyo."

Nilitaka kumjibu kuwa huo ni uvumi wa vijiweni. Bahati nzuri nilijizuia, maana nilipoanza kusoma niligundua shangazi hakusema uongo. Habari aliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli, ila haikuwa na mwisho.

Mwanzo wake ni huu. Mwaka 1987 madaktari wa jeshi la Marekani waliripoti kisa cha kuruta wa miaka 19 aliyechanjwa ndui pamoja na chanjo nyingine za jeshini, bila kujulikana kuwa ana VVU. Chanjo ya ndui hubeba kirusi hai. Mwili wake ulishindwa kukizuia, kikamsambaa mwili mzima. Baadaye alifariki kwa Ukimwi.

Sawa, hiyo ni chanjo hai. Vipi zile zisizo na kirusi hai? Mwaka 1996 watafiti wa serikali ya Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 13 waliochomwa chanjo ya kawaida kabisa, ya pepopunda. Wote 13 virusi vyao viliongezeka kwenye damu kwa muda, halafu vikashuka. Sababu inaeleweka: VVU hujificha ndani ya seli za CD4, na seli hizo hizo ndizo chanjo huziamsha. Ukipiga king'ora askari waamke, adui aliyelala nao kambini naye anaamka.

Sasa twende Entebbe, Uganda. Katikati ya miaka ya tisini ARV kwa mwananchi wa kawaida ilikuwa ndoto, na nimonia ilikuwa inaua. Kulikuwa na chanjo ya bakteria wa nimonia yenye aina 23, na nchi tajiri zilikuwa zimeanza kuipendekeza kwa wenye VVU bila kuwa na jaribio kubwa la kuthibitisha. Watafiti wakaamua kuipima. Watu wazima 1,392 wenye VVU walijitolea. Nusu wakapata chanjo, nusu dawa bandia.

Majibu yalitoka mwaka 2000 katika jarida la Lancet. Waliopata dawa bandia, 21 waliugua nimonia. Waliochanjwa, 40. Hebu soma tena. Chanjo ya kuzuia nimonia, na waliochanjwa wanaugua karibu mara mbili zaidi! Ungekuwa mgonjwa miaka ile ukasikia habari hii, ungemwamini nani tena mwenye sindano?

Lakini habari haikuishia hapo. Mambo mawili yalibadilika.

La kwanza ni ARV, ambazo Tanzania ilianza kuzitoa kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Mtu anayemeza dawa vizuri, hata seli zake zikiamka, virusi vinakuwa vimefungwa mikono, haviwezi kuzaliana ovyo. La pili ni aina ya chanjo. Ile ya Entebbe ilitengenezwa kwa ganda la sukari la bakteria peke yake. Nyingine ikaja, ambayo sukari hiyo imeunganishwa na protini ili mwili uitambue vizuri zaidi. Ilijaribiwa Blantyre, Malawi, kwa wagonjwa 496, wengi wao wenye VVU, ambao tayari walikuwa wamenusurika maambukizi makali ya bakteria hao. Matokeo ya 2010: ilizuia asilimia 74 ya kurudiwa na ugonjwa wa aina zilizolengwa na chanjo.

Mwaka huo huo zikatoka habari za hapa hapa Dar es Salaam. Utafiti wa DarDar, ulioanza 2001, uliwachanja watu wenye VVU dhidi ya kifua kikuu kwa bakteria waliouawa, dozi tano. Washiriki walizidi 2,000. Lengo kuu, kuzuia kifua kikuu kinachosambaa mwilini, halikuthibitika. Ila kifua kikuu kilichothibitishwa kwa vipimo kilipungua kwa asilimia 39, na CD4 na kiwango cha virusi havikuathirika. Yaani mdudu hakuamka.

Tahadhari bado ipo. Chanjo hai kama za surua na homa ya manjano hapewi mtu ambaye CD4 zake ziko chini ya 200. Hata BCG, mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilisema asipewe mtoto anayejulikana ana VVU. 2018 likaruhusu kwa aliyeanza ARV na hali yake kutulia. Somo ni lile lile: dhibiti virusi kwanza, halafu chagua chanjo inayofaa.

Kinachonikera mimi ni kingine. Majibu haya yalitoka kwenye mikono ya watu wa Entebbe, Blantyre na Dar. Dunia ikajifunza, miongozo ikaandikwa. Onyo likamfikia shangazi. Mwisho wa habari haukumfikia, kwa miaka yote aliyokwenda kliniki.

Nilimpigia tena, nikamsimulia yote haya kama nilivyowasimulia ninyi. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na wale wa Entebbe, dawa waliziwahi?"

Nikamwambia wengine hawakuziwahi. Akasema nimpeleke kliniki kwake Jumatatu, aulize mwenyewe kabla ya kuchomwa. Nilimpeleka, akauliza, akachanjwa.

Wadau, nyumbani kwenu nani bado anashikilia nusu ya habari?