Njia Ikiwa Nyembamba, Nani Apishe?

Mei 2024 iliwapa wananchi wa kusini somo mara mbili. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika pwani, na mafuriko yake yakaikata barabara ya Lindi hadi Dar es Salaam katika eneo la Somanga, Kilwa. Tarehe 12, kabla watu hawajamaliza kuizungumza Somanga, nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikadhoofika nchi nzima, Mandawa ikiwamo.

Barabara ikibaki na upande mmoja, gari la wagonjwa hutangulia na hakuna anayenung'unika. Katika mtandao hali ni kinyume. Filamu ya saa moja yenye picha safi huweza kula gigabaiti 3. Taarifa ya mganga au hati ya malipo ya chama cha ushirika ni kilobaiti chache tu. Vyote husukumana katika njia moja, na kikubwa ndicho kinachoijaza. Kwa hiyo kuwataka watu waache filamu kwa siku chache wakati wa dharura si kuwaonea. Ni kuwapisha wenye shida.

Ndugu zetu vijana wanaodhani fikra hii ni ngeni wawaulize wazee. Bei ya mafuta ilipopanda duniani katika miaka ya 1970, Serikali ilipiga marufuku magari ya binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana. Shabaha ilikuwa kuokoa mafuta na fedha za kigeni, na kilichozuiwa kwanza ni matembezi. Mwaka 1979, baada ya vita vya Kagera, Mwalimu Nyerere aliwataka wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Hata mabepari hulazimika kufanya hivyo: Machi 2020, watu wa Ulaya walipojifungia ndani kwa sababu ya korona, Umoja wa Ulaya uliyaomba makampuni ya filamu za mtandaoni yapunguze ubora wa picha, na Netflix ikakubali kwa siku 30. Filamu hazikuzimwa, zilipunguzwa uzito.

Lakini tujisahihishe wenyewe. Penye marufuku pana kibali, na penye kibali hujitokeza mkubwa anayejiona ameumbwa nacho. Mwongozo wa 1971 ulikwisha kuonya, katika kifungu cha 15, dhidi ya kiongozi mwenye majivuno na anasa. Kama ofisi itaendelea kutazama mpira wakati zahanati imeambiwa ingoje, agizo hilo halina uhalali wowote mbele ya wakulima. Anayebana ajibane kwanza, tena atangaze kinachobanwa, kwa siku ngapi, na kwa sababu gani.

Tena tusichanganye kubana na kufunga. Kuzimwa kwa intaneti kulikoanza tarehe 29 Oktoba 2025 hakukuwa kuokoa njia. Mwenye filamu na mwenye mgonjwa walikosa pamoja. Kada anayetumia hoja ya dharura ya nyaya kuhalalisha jambo hilo anaidhoofisha hoja yenyewe.

Liko na suala la mwenye njia. Nachingwea inaijua historia hii vizuri kuliko mahali pengi. Wakoloni walijenga reli kwa ajili ya mradi wa karanga uliobuniwa London mwaka 1946; karanga ziliposhindikana, reli nayo ilikosa mtetezi, ikang'olewa. Njia iliyopangwa na wengine huondoka kwa mahesabu ya wengine. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ni mali yetu ndani ya nchi, ila mlango wa kutokea bado unategemea nyaya za baharini. Kubana filamu ni dawa ya wiki moja. Milango zaidi, na kuhifadhi humu nchini yale tunayoyatumia kila siku, ndiyo kazi ya miaka.

Katika msimu wa korosho wa 2024/2025 minada ilianza kuendeshwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Nyaya zilikatika Mei. Zingekatika Oktoba, korosho ya Ruangwa ingegombea njia na mpira wa Ulaya.