Milima ya Ngorongoro kwenye reli, na vali iliyokosa karakana

Reli haijawahi kufika Karatu. Njia ya Tanga iliingia Moshi mwaka 1911, ikafika Arusha mwaka 1929, na kutoka hapo kwenda Makuyuni, Mto wa Mbu, kupanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Rhotia, Karatu na lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, mzigo umekuwa ukibebwa na barabara mpaka leo. Hata hivyo milima ya huko ilipata kupita relini kwa namna yake. Mwaka 1955 na 1956 kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester iliunda injini 34 za mvuke za aina ya Garratt kwa ajili ya Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Ziliitwa daraja la 59, zikawa kubwa kuliko injini zote za mvuke zilizowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja, na kila moja ilipewa jina la mlima. Namba 5908 iliitwa Loolmalasin, 5912 Oldeani na 5919 Lengai. Kazi yake kubwa ilikuwa kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, tanuri zikichoma mafuta mazito na boila zikishikilia mgandamizo wa ratili 225 kwa kila inchi ya mraba, yaani bari 15 na nusu hivi. Mgandamizo ukizidi hapo, mvuke ulitokea juu ya boila kwa mlio mkali, kwa sababu pale palifungwa kifaa kinachoweza kushikwa kwa mkono mmoja: vali ya usalama.

Vali ya ukoo huohuo ndiyo iliyo juu ya matangi ya gesi ya kupikia yanayohudumia hoteli, kambi za watalii na shule kubwa nchini, zikiwemo za nyanda hizi za juu za kaskazini. Springi inakibana kizibo kwenye kiti chake. Presha ya ndani ikiishinda nguvu springi, kizibo kinainuka, ziada inatoka, kisha kizibo kinarudi mahali pake. Ukiitazama hivyo utadhani ni kifaa kinachojitosheleza. Historia yake inasema vingine. Tangu mwanzo vali hii imelinda watu pale tu ilipokuwa na karakana nyuma yake, fundi aliyeruhusiwa kuifungua, benchi la kuipimia na daftari lenye tarehe. Reli ilivibeba vyote hivyo pamoja kwa sababu injini, karakana na fundi vilikuwa vya mwenye mali mmoja. Gesi ilipopanda Karatu kwa lori, vali ilikuja nayo, lakini ule mpangilio uliokuwa nyuma yake haukuja.

Denis Papin, Mfaransa aliyekimbilia Uingereza, ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuweka vali ya namna hii, karibu mwaka 1680, kwenye chungu chake cha kulainishia mifupa kwa mvuke. Aliifungia wenzo wenye uzito mwishoni, na uzito ule ndio uliokuja kuwa balaa, kwani ulikuwa wazi na yeyote aliyetaka nguvu zaidi aliweza kuuongeza. Mwaka 1803, huko Greenwich, boila ya Richard Trevithick ililipuka na kuua watu wanne baada ya kijana aliyeachiwa kuilinda kwenda zake huku vali ikiwa imezuiwa. Trevithick hakuishia kulaumu. Aliongeza vali ya pili, na kizibo cha risasi kinachoyeyuka boila ikikauka maji. Mwaka 1831, Carolina Kusini nchini Marekani, injini iliyoitwa Best Friend of Charleston ilipasuka, na inasimuliwa kwamba mchochea moto, mtu aliyekuwa mtumwa, aliifunga vali kwa sababu kelele za mvuke zilimkera. Huenda ndivyo ilivyokuwa. Ila ni vyema kukumbuka kuwa mtu huyo alikufa kwa majeraha na hakubaki wa kumsemea, ilhali wenye injini walibaki na kalamu. Katikati ya karne ya 19 John Ramsbottom, mhandisi wa reli wa Kiingereza, alikuja na vali mbili zilizoshikwa na springi moja katikati, zikiwa zimepangwa hivi kwamba dereva akiikandamiza moja, anaifungua nyingine. Kila hatua katika historia hii ilimwondolea mwendeshaji uwezo wa kuichezea vali na kuukabidhi kwa karakana. Tangu hapo aliye karibu na moto hakuwa tena na ruhusa ya kuamua presha iishie wapi.

Ilipofika zamu ya kusafirisha gesi ya kimiminika, nchi zenye reli ndefu, hasa Marekani, ziliitoa vali juu ya boila na kuiweka juu ya behewa la tangi. Behewa moja la huko hubeba zaidi ya lita laki moja za propeni, na aina iliyozoeleka ina vali inayoanza kufunguka presha ikifika takribani bari 19. Kuifunga juu ya tangi kuna taratibu zake. Tangi hutolewa gesi yote kwanza na kupitishwa hewa isiyowaka. Uso wa flanji husafishwa mpaka chuma kionekane, gasketi mpya huwekwa, maana ya zamani hairudiwi hata ikionekana nzima, na nati hukazwa kwa kukingamana, hii kisha ile ya upande wa pili, ili vali isikae upande. Baada ya hapo hupakwa povu la sabuni kuzunguka kiungo chote na fundi hungoja, kwani povu likivimba hata kidogo kazi inaanza upya. Muda wa ukaguzi ukifika, na kwa Marekani hauzidi miaka 10, vali hushushwa na kupelekwa kwenye benchi. Kiti chake husuguliwa, springi hukaguliwa kutu, halafu hupimwa kwa hewa na kuandikwa ilifunguka kwa presha gani na ilifunga kwa presha gani. Kipimo hicho cha pili wengi hukisahau. Vali inayofunguka vizuri lakini haifungi ni hatari kama isiyofunguka, kwa sababu inaendelea kumwaga gesi wakati kila mtu anadhani mambo yamekwisha.

Hapa mpinzani ana hoja nzito, tena ya kihistoria. Juni 21, 1970, treni ilianguka Crescent City, Illinois, na mabehewa ya propeni yakalipuka moja baada ya jingine wakati vali zake zikifanya kazi. Julai 1973, huko Kingman, Arizona, behewa lililokuwa likipakuliwa lilishika moto na kulipuka, wakafa watu 12, 11 kati yao wakiwa wazima moto. Kama vali haikuokoa hapo, ina faida gani? Jibu liko kwenye chuma. Sehemu ya tangi iliyo na kimiminika hupoozwa na kimiminika hicho; sehemu ya juu iliyo na gesi tupu, ikipigwa na mwali, hupata joto mpaka bati lilainike na kuchanika kwa presha ambayo kwa kawaida lingeistahimili. Vali hupunguza presha, haipozi bati. Baada ya ajali za miaka ile, mamlaka za Marekani ziliagiza mabehewa ya gesi yavikwe kinga ya joto, yawekewe ngao kwenye vichwa vya tangi na viungio visivyochomoka ovyo. Kwa hiyo ajali hizo haziipingi hoja ya makala haya, zinaikazia, kwani waliosema tangi lina vali na hiyo inatosha ndio walioumbuliwa. Na wajenzi wa mabehewa walijifunza kwa sababu kila behewa lilikuwa na rekodi iliyoweza kufuatiliwa.

Turudi nyanda za juu. Serikali imepitisha Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waipate ifikapo mwaka 2034, na taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziliagizwa kuacha kuni na mkaa. Kwa Ngorongoro, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1959, sababu za kuipenda gesi ni nyingi kuliko kwingine, kwani kila mzigo wa kuni unaoepukwa ni mti uliobaki kwenye msitu unaovutia mvua ya Karatu. Lakini hali ya hewa ya huko ina vitimbi vyake. Ukingo wa kreta uko kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Julai ni za kuvaa koti zito. Buteni huchemka karibu na nyuzi sifuri, propeni kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa hiyo mchanganyiko wenye buteni nyingi hulegea kwenye baridi, moto wa jiko unafifia, na mpishi anashawishika kuupasha mtungi kwa maji ya moto au kuusogeza karibu na jiko. Hatari nyingine haionekani kabisa. Tangi likijazwa kupita kiasi asubuhi ya baridi, jua la mchana hukivimbisha kimiminika, na kila nyuzi 10 huongeza takribani asilimia 3 ya ujazo wa propeni. Ndiyo maana huachwa nafasi tupu, kwa kawaida kama asilimia 15 hadi 20. Nafasi hiyo ikiisha, kimiminika kinalisukuma tangi chenyewe, na vali ikifunguka inatema kimiminika ambacho hugeuka wingu kubwa la gesi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inateremka na mteremko, na majengo ya ukingoni mengi yamejengwa kwenye mteremko. Behewa liliitoa ziada yake juu, uwanja ukiwa wazi. Tangi la hoteli linaweza kuitoa dirishani mwa jiko kama aliyelipanga alifikiria uzuri wa mandhari peke yake.

Wapo watakaosema vali za siku hizi hazihitaji matunzo, na wengine watauliza mbona hatujasikia maafa. Hili la pili ndilo hupotosha zaidi. Vali ya usalama inaweza kukaa miaka 20 bila kuitwa kazini, halafu ikahitajika kwa dakika 10. Katika miaka hiyo yote, vali nzima na vali iliyoganda kwa kutu na vumbi la barabara ya changarawe hukaa kimya kwa namna moja, wala ukimya huo haumwambii mtu lolote. Kipimo cha benchi pekee ndicho kinachozitofautisha. Hoja nyingine ina uzito kidogo, kwamba mitungi ya kilo 6, 15 na 38 ni mali ya makampuni yaliyoijaza, kwa hiyo kampuni inaweza kuwa karakana kila mtungi unaporudi. Ni kweli, na mfumo huo ndio ulio karibu zaidi na ule wa reli. Una nyufa mbili. Baadhi ya mitungi midogo haina vali ya usalama kabisa, na mtungi unaojazwa vichochoroni na asiye mwenye chapa haurudi kwa mwenyewe. Tangi kubwa la kudumu, kwa upande wake, halirudi popote. Linafungwa, linazoeleka, linafunikwa na maua ya kupanda.

Suala la gharama halipaswi kupuuzwa. Gesi inayofika Karatu imekwisha kubeba nauli ya lori, na kila ukaguzi utakaoongezwa juu yake unaweza kumrudisha mama wa nyumbani kwenye mkaa, ambao moshi wake huumiza watu wengi kuliko milipuko. Kwa sababu hiyo mzigo wa ukaguzi uanzie kwenye matangi makubwa ya hoteli, shule, hospitali na vituo vya kujazia, ambako vali moja inalinda mamia ya watu na mwenye mali anaweza kulipa, na mtungi wa kilo 6 uachwe kwa kampuni yenye chapa. Sheria haikosekani: mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, EWURA, inasimamia biashara ya gesi, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, OSHA, una jukumu la kukagua vyombo vya mgandamizo mahali pa kazi, Zimamoto nao wana vyeti vyao. Lakini cheti peke yake hakizuii mlipuko. Nairobi, usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka huko Mradi, Embakasi, ikaua na kujeruhi watu zaidi ya 200, kwenye eneo ambalo mamlaka ya nishati ya Kenya ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kibali cha ujenzi mara tatu. Karatasi ilisema hapana, gesi ikaendelea kujazwa. Reli ilifanikiwa kwa sababu vali iliyopitwa na tarehe ililiondoa behewa njiani, mizigo ikakwama na mtu fulani akaulizwa.

Jambo hilo linawezekana Karatu bila kujenga hata mita moja ya reli. Msambazaji asijaze tangi ambalo vali yake imepita tarehe ya kupimwa, na EWURA iliweke hilo kuwa sharti la leseni, msambazaji akilivunja aulizwe yeye kabla ya mteja. Mafundi wa kupima vali wapatikane Arusha, safari ya saa mbili tatu kutoka Karatu, na vali ya akiba iwe tayari ili tangi lisikae bila kinga wakati ile ya zamani iko kwenye benchi. Nanyi mnaoendesha hoteli na shule za huko juu, lori la gesi likija wiki hii, kabla halijaunganisha mpira mwambieni fundi wake awasomee tarehe iliyogongwa kwenye vali ya tangi lenu. Akishindwa kuiona, msipokee gesi.