Chemirocha: mtu aliyesikika bila kuonekana

Watu wangu, hapa Matulo kuna ubishi hauishi: bora kusikiza rekodi ya shoo ama kuiona shoo yenyewe? Vijana wa boda pale steji wanasema bila video hakuna kitu. Mimi niko upande wa sauti, na shahidi wangu ana miguu ya swara.

Jimmie Rodgers alikuwa Mmarekani, mwimbaji wa kantri, mtu wa gitaa na ile sauti inayoruka juu ghafla. Alifariki 1933. Kenya hakuwahi kufika, lakini santuri zake zilifika, na Wakipsigis wakazisikia kwa gramafoni. Jina likageuka mdomoni, akawa Chemirocha. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, yule mzungu aliyezunguka Afrika akirekodi nyimbo, alifika Kapkatet, upande wa Kericho, na wasichana wakamwimbia wimbo wa huyo Chemirocha. Tracey aliandika kwamba walimwona kama kiumbe nusu mtu, nusu swara, na kwenye wimbo walikuwa wanamwita aje acheze.

Hebu fikiria hapo. Walipewa sauti tu, mwili wakautengeneza wenyewe! Iko filamu fupi ya 1929, The Singing Brakeman, ambayo inamwonyesha Rodgers mwenyewe: mzungu mwembamba, nguo za kazi ya reli, gitaa mkononi. Basi. Kama wangeonyeshwa hiyo kwanza, sidhani swara angezaliwa.

Lakini wa boda nao wana haki yao. Santuri ya zamani ilibeba kama dakika 3 kila upande, na mpiga litungu wetu wa Kibukusu hamalizi wimbo kwa dakika 3. Hapo ndio anaanza kupasha nyuzi moto. Njuga zinalia mguuni, anamwona mzee fulani ameketi mbele, anamtaja, anataja na ukoo wake, mzee anainuka na noti, wimbo unaongezwa. Rekodi haikuonyeshi huyo mzee. Na Sioyaye ya Agosti, kijana akitoka mtoni alfajiri amepakwa matope, umati umemzunguka, hiyo usiniletee kwa spika. Hiyo unaenda.

Shida yangu ni kwamba video ya simu si kwenda. Ni mgongo wa mtu mwenye simu nyingine. Sauti ikirekodiwa vizuri inakuweka katikati: chinyimba mbele, kina mama nyuma, jogoo wa jirani pembeni.

Zaidi ya miaka 60 baadaye, rekodi za Tracey zilirudishwa Kapkatet, watu wakaketi kuzisikiza. Picha haikuhitajika.

Agosti 2026 ni mwaka wa tohara kwetu. Nitaenda na kinasa sauti, simu ibaki mfukoni. Wale wa boda wameshaanza kunicheka.