Ukuta Nyuma ya Mstari: Marion Bartoli na Suala la Mtindo katika Tenisi

Utangulizi

Tarehe 6 Julai 2013, Marion Bartoli wa Ufaransa alimshinda Sabine Lisicki wa Ujerumani kwa seti mbili, 6–1 na 6–4, akatwaa taji la Wimbledon. Yalikuwa mashindano yake ya 47 ya Grand Slam. Hadi siku hiyo hapakuwa na mwanamke aliyeshiriki mara nyingi kiasi hicho ndipo akapata taji lake la kwanza. Pamoja na hayo, mtangazaji mmoja wa BBC aliacha mchezo akazungumzia sura yake, na shirika hilo likalazimika kuomba radhi.

Kauli ile iliwakera wengi, lakini haikuzuka ghafla. Kwa miaka mingi hata mchezo wake ulitazamwa kwa jicho lilelile: watu waliona kurukaruka kwake kati ya pointi na raketi anayoichapa hewani, wakamhesabu kuwa kioja. Makala haya yanadai kwamba mtindo wa Bartoli ulikuwa jibu la kiufundi kwa mazingira aliyolelewa, na kwamba ushindi wake haueleweki bila kuyarejea mazingira hayo.

Chimbuko la mtindo

Bartoli alizaliwa mwaka 1984 huko Le Puy-en-Velay, akakulia Retournac, mji mdogo wa nyanda za juu za Ufaransa ya kati. Baba yake, Walter, alikuwa daktari wa tiba. Hakuwa kocha wa kusomea. Mwaka 1992 alimwona Monica Seles akimshinda Steffi Graf katika fainali ya Roland Garros, raketi ameishika kwa mikono miwili upande wa kuume na wa kushoto. Akaamua binti yake naye afundishwe hivyo. Uwanja wa ndani waliofanyia mazoezi ulikuwa finyu, na ukuta ulikuwa karibu mno na mstari wa nyuma. Mchezaji asiye na pa kurudi nyuma hana budi kusogea mbele na kuupiga mpira ungali unapanda.

Mtindo huo una gharama zake. Mikono miwili hupunguza umbali ambao raketi inaweza kufika, kwa hiyo kila mpira wa pembeni humdai mchezaji hatua ya ziada. Faida yake ni kwamba raketi hutulia inapokutana na mpira wa kasi, mkupuo huwa mfupi, na mpinzani huchelewa kung'amua mpira unaelekea wapi. Bartoli alipopokea mpira wa kuanzia, alisimama ndani ya mstari hata mbele ya wapigaji wenye nguvu, akawanyang'anya muda wa kujipanga. Kwenye nyasi za Wimbledon, ambako mpira huteleza na kubaki chini, mkupuo mfupi una thamani kubwa. Uwanja ule finyu ulikuwa umemfundisha, pasipo kukusudia, tenisi ya nyasi.

Nyumbani na shirikisho

Hoja hii inaweza kupingwa kwa kutaja uhusiano wake na Shirikisho la Tenisi la Ufaransa. Timu ya taifa ilitaka wachezaji wake wafanye mazoezi ya pamoja bila makocha wao binafsi. Bartoli hakukubali kutengana na baba yake. Kwa sababu hiyo alikaa miaka mingi nje ya Kombe la Fed, na mwaka 2012 akaikosa Olimpiki ya London, ambayo tenisi yake ilichezwa Wimbledon kwenyewe. Mapema mwaka 2013 baba na binti waliachana kikazi. Bartoli akarudi timu ya taifa chini ya nahodha Amélie Mauresmo, bingwa wa Wimbledon wa mwaka 2006, na miezi michache baadaye akawa bingwa. Je, si dhahiri kwamba shirikisho ndilo lililokuwa na haki?

Tukiangalia alichokichukua na alichokiacha, jibu linabadilika. Mikono miwili ilibaki, mkupuo mfupi ulibaki, na bado alisimama mbele kama zamani. Kilichobadilika ni watu waliomzunguka na namna alivyoishi wiki za mashindano. Ufundi ulitoka nyumbani. Kundi jipya lilimpa utulivu wa kuutumia.

Hoja ya bahati

Wengine husema alipata njia nyepesi. Kweli, Serena Williams alitolewa na Lisicki, Maria Sharapova na Victoria Azarenka hawakuvuka raundi ya pili, na Bartoli hakukutana na mchezaji yeyote aliyepangwa katika nafasi kumi bora za mashindano. Lakini katika mechi saba hakupoteza hata seti moja. Isitoshe, mwaka 2007 alimtoa Justine Henin, namba moja wa dunia, katika nusu fainali ya Wimbledon baada ya kupoteza seti ya kwanza 1–6, kisha akafungwa na Venus Williams katika fainali. Mwaka 2011 alimtoa Serena, bingwa mtetezi, na Januari 2012 alifika nafasi ya saba duniani. Mwenye rekodi hiyo hakuokota taji njiani.

Hitimisho

Kuanzisha mpira ndiko kulikokuwa udhaifu wake, kwani hapo mkono wa pili hausaidii kitu. Aliubadilisha mtindo wake wa kuanzisha mara kadhaa. Katika seti ya pili ya fainali ya 2013 aliongoza 5–1, akapoteza pointi tatu za ubingwa, Lisicki akasogea hadi 5–4. Bartoli akaanzisha gemu ya mwisho na kuimaliza bila kutoa pointi. Mpira wa mwisho haukuguswa na mpinzani. Ulitua kwenye mstari, vumbi la chokaa likaruka. Kisha akapanda jukwaani kumkumbatia baba ambaye hakuwa tena kocha wake.

Siku 39 baadaye, huko Cincinnati, alitangaza kustaafu akiwa na miaka 28, akisema mwili wake hauyahimili tena maumivu. Ile hatua ya ziada kwa kila mpira haikuwa ya bure. Anayeandika juu ya wachezaji wa aina yake na aulize kwanza walijifunzia wapi, ndipo aseme wanaonekanaje.