Geuza hiyo Shati Ndani Nje

Wasee, kabla hamjaendelea kusoma, geuzeni shati mliyovaa ndani nje muangalie mshono. Umeona nyuzi zimezungushwa kwenye ukingo kama kamnyororo? Hiyo ni ovaloki. Leo tuongelee historia yake, maana mimi ilinitoa jasho.

Nilipoacha chuo nilirudi Wote na kuanza kushona mashati kwa cherehani ya miguu ya susu wangu. Oda ya kwanza ilikuwa mashati kumi na mawili. Ovaloki sikuwa nayo, nikajiambia, ndani nani ataangalia? Yalipofuliwa mara tatu, nyuzi zilichomoka mpaka mshono ukaachia kwapani. Nikarudisha pesa za mashati saba. Susu hakunigombeza. Alitoa tu rinda lake la zamani akaligeuza: kila ukingo ulikuwa umekunjwa na kushonwa kwa mkono, hakuna hata uzi mmoja unaoning'inia.

Unajua, shida yote huanzia kwa mkasi. Kitambaa kikifumwa, uzi hufika pembeni ukageuka kurudi, kwa hivyo huko pembeni hakichomoki. Ukikata katikati, umefungua mlango.

Sasa rudi karne ya 19. Misafara ya Wakamba ilikuwa inabeba pembe za ndovu hadi Mombasa na kurudi na shanga, waya na vitambaa. Kivoi wa Kitui, yule aliyempokea Krapf mwaka 1849, alikuwa mkubwa kwenye biashara hiyo. Kitambaa kilichotamba pwani na bara kiliitwa amerikani, pamba isiyopaushwa kutoka viwanda vya huko Massachusetts. Watu walikifunga tu begani au kiunoni. Hakuna kola, hakuna mikono, kwa hivyo mishono ya kuhangaikia ilikuwa michache.

Halafu reli ikapita Kibwezi na Makindu mwishoni mwa karne hiyo. Maduka ya Wahindi yakafuata, na barazani fundi na cherehani yake. Misheni na shule zikataka kaptura, mashati, magauni. Hapo ndipo kukata kulianza kwa nguvu, na fundi akabaki na kazi ya kuficha kingo: kukunja kila upande na kuupigia mshono, ama kulaza upande mmoja juu ya mwingine na kupiga mishono miwili kama kwenye mguu wa jinzi. Ni kazi ya pole pole, lakini inadumu.

Cha kuchekesha ni kwamba dawa ilitoka jirani na amerikani yenyewe. Connecticut, jimbo linalopakana na Massachusetts, ndiko familia ya Merrow ilikotengeneza mashine za ovaloki miaka ya 1880. Kisu kinapunguza ukingo huku nyuzi tatu au nne zikiuzungusha, vyote kwa mpigo mmoja. Haraka sana, bana. Lakini ilikuwa mashine ya kiwandani, sio ya barazani.

Mitumba ilipojaa sokoni miaka ya 1990, viwanda vyetu vingi vikaanguka. Maoni yangu, na mnaweza kubisha: mitumba pia ilitufundisha kudharau mshono wa fundi, kwa sababu tulizoea kuona ovaloki ndani na kuiita ndiyo "quality". Rinda la susu lingeitwa la kishamba, na limedumu kuliko hudi zangu zote.

Sipingi mashine. Kule Syongila, kiwanda cha kaunti ya Kitui, KICOTEC, kiligeukia barakoa Korona ilipoingia 2020, na kazi ya haraka vile huwezi kuifanya kwa sindano ya mkono. Hata mimi siku hizi napeleka nguo kwa fundi jirani mwenye ovaloki, nalipa kwa kila nguo.

Yale mashati saba bado ninayo. Matano nimeyafungua na kuyakunja upya vile susu alinionyesha. Mawili yamechomoka sana, hakuna tena kitambaa cha kukunja.