Bunduki ya Mondragón na Majina Yake

Historia ya silaha kwa kawaida huachiwa wanajeshi na mafundi, kana kwamba mwanalugha hana la kusema juu yake. Lakini silaha, kama kitu kingine chochote kinachosafiri, huenda na jina lake au huvishwa jipya njiani, na katika kubadilika kwa majina hayo mna habari ambazo michoro ya mafundi haitupi. Katika makala haya nakusudia kuifuata bunduki moja tu, ile iliyobuniwa na Manuel Mondragón wa Mexico, ambayo imo miongoni mwa bunduki za mwanzo kabisa za kujishindilia zenyewe kupokewa rasmi na jeshi la taifa.

Neno hilo “kujishindilia” lahitaji maelezo kidogo. Msamiati wetu wa bunduki una tabaka zaidi ya moja. Bunduki, baruti na risasi ni maneno yaliyotufikia kwa njia ya Kiarabu. Lakini matendo yenyewe tuliyaeleza kwa maneno tuliyokuwa nayo. Kufyatua na mtambo ni maneno ya mtegaji wa wanyama pia. Na kushindilia ni kutia kitu kwa nguvu hadi kijae na kushikamana. Mwenye gobori alimimina baruti mdomoni mwa mtutu, kisha akaishindilia kwa mdeki. Zilipokuja bunduki za kutiwa risasi kwa nyuma, mdeki ukatoweka, lakini kitenzi kikabaki kazini. Kwa hiyo nasema bunduki ya kujishindilia nikiwa na maana ya bunduki ambayo kila ivutwapo mara moja hupiga risasi moja, kisha yenyewe hutoa ganda na kujitia risasi nyingine. Hii si bunduki ya rasharasha, ile ambayo askari wa zamani waliiita bombomu kwa kuiga mlio wake. Wapo wanaopendelea kusema “nusu-otomatiki”. Mimi silipendi neno hilo: nusu humfanya msomaji adhani kuna kazi iliyoachwa katikati, hali kazi ya kushindilia hapa hutimizwa yote.

Kwa nini bunduki ya namna hii ilichelewa? Sababu kubwa ni baruti. Ile baruti nyeusi ya kale iliacha masizi mengi, na mtambo wenye vipande vidogo vinavyoteleza haukuweza kustahimili uchafu huo kwa muda mrefu. Ferdinand Mannlicher wa Austria alijaribu kutengeneza bunduki ya kujishindilia mwaka 1885, asifanikiwe. Mfaransa Paul Vieille alikuwa amekwisha kuvumbua baruti isiyotoa moshi mwaka 1884, na miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likapata bunduki ya Lebel iliyoitumia. Hapo mlango ukafunguka.

Mondragón, aliyezaliwa mwaka 1859, alikuwa ofisa wa mizinga. Alianza na bunduki ambayo komeo lake lilivutwa na kusukumwa moja kwa moja bila kugeuzwa kwa mkono, kisha akaendelea hadi kuifanya ijiendeshe yenyewe. Fikra yake ni rahisi kuieleza, ingawa ni ngumu kuitenda. Karibu na mdomo wa mtutu pana tundu dogo. Risasi ikipita hapo, sehemu ya gesi inayoisukuma huingia tunduni na kukisukuma nyuma chuma kirefu kilicho chini ya mtutu. Chuma hicho hulizungusha komeo na kulifungua, ganda hutupwa nje, na kamani iliyobanwa hulirudisha komeo mbele pamoja na risasi mpya. Mbuni mwenyewe hakuuamini mtambo wake kupita kiasi: aliweka njia ya kulitenga komeo na gesi, ili mambo yakiharibika askari aweze kulivuta kwa mkono. Mimi nauona huo kuwa uungwana wa fundi.

Mwaka 1908 serikali ya Mexico iliipokea bunduki hiyo kwa jina la Fusil Porfirio Díaz, Sistema Mondragón, Modelo 1908, yaani bunduki ya Porfirio Díaz, kwa mpango wa Mondragón. Tuutazame mpangilio wa jina hilo. Rais aliyeitawala nchi tangu 1876, ukiacha kipindi kifupi, ndiye mwenye bunduki. Mbuni ametajwa baada yake kama mwenye utaratibu tu. Na yupo wa tatu asiyetajwa kabisa, naye ndiye aliyeitengeneza. Bunduki hazikuundwa Mexico, bali Uswisi, katika kiwanda cha SIG mjini Neuhausen. Kazi hiyo ilidai mashine za kukata chuma kwa vipimo vidogo mno, na kwa hizo Mexico iliwategemea wageni. Iliagiza bunduki 4,000.

Jina la mtawala ni jina la hatari. Mapinduzi yalianza Novemba 1910, na mwezi Mei 1911 Díaz akajiuzulu na kwenda uhamishoni. Zilikuwa zimefika bunduki 400 hivi tu. Mkataba ukavunjika, na zilizosalia zikabaki Uswisi bila mwenyewe. Mondragón hakukaa kando ya misukosuko hiyo. Mwezi Februari 1913 alikuwa mmoja wa viongozi wa uasi uliompindua Rais Francisco Madero, ambaye aliuawa, na kwa miezi michache akawa waziri wa vita wa Huerta kabla ya yeye naye kutoka nchini. Alifariki San Sebastián, Hispania, mwaka 1922. Haifai kumfanya shujaa kwa sababu tu alikuwa mvumbuzi.

Bunduki zilizobaki zilinunuliwa na Ujerumani baada ya vita vya 1914 kuanza. Matope ya mahandaki yaliushinda mtambo wake. Angani, hata hivyo, hapakuwa na matope, na kabla ndege hazijafungwa bunduki za rasharasha za kutosha, marubani walipewa hizi, zikiwa na kisanduku cha mviringo cha risasi 30. Wajerumani wakaziita Fliegerselbstladekarabiner 1915. Tukilivunja neno hilo refu kwa vipande vyake tunapata karabina ya kujishindilia ya mrukaji. Limetaja mtumiaji, kazi na aina. Díaz hayumo, Mondragón hayumo, wala Mexico haimo. Chuma ni kile kile, risasi ni zile zile za milimita 7, lakini uzao umefutwa katika daftari.

Linganisha na John Garand, mzaliwa wa Kanada, aliyefanya kazi katika kiwanda cha serikali ya Marekani mjini Springfield. Bunduki yake ya risasi 8 ilipokewa mwaka 1936, na zilitengenezwa zaidi ya milioni 5. Rasmi iliitwa M1 tu, lakini askari waliendelea kuiita Garand. Sidhani kwamba Garand alikuwa na akili kumshinda Mondragón. Alichokuwa nacho ni kiwanda chenye subira, kilichomvumilia kwa zaidi ya miaka 15 ya majaribio.

Huko Mexico kwenyewe mambo yaligeuka baadaye sana. Mwaka 2006 jeshi lilionyesha hadharani bunduki iliyobuniwa na kutengenezwa na viwanda vyake lenyewe, FX-05. Safari hii hawakuipa jina la rais wala la jenerali. Walikwenda kulitafuta katika Kinahuatl, lugha ya Waazteki ambayo hadi leo ina wasemaji zaidi ya milioni moja, wakaiita Xiuhcoatl, maana yake nyoka wa moto.